Pointi Tatu: Alama Kamili na Historia Yake

Katika mkutano wetu wa mwaka jana, baada ya chakula cha mchana, kijana mmoja wa Kidato cha Sita alinifuata chini ya mwembe. Akaniamkia, kisha akauliza, "Mzee, enzi zenu mtu akitaka pointi tatu alikuwa anafanyaje?" Nilimjibu kwa mkato kwamba alikuwa anasoma kwa bidii, naye akaenda zake bila kuridhika. Mimi pia sikuridhika. Basi makala hii ndiyo jibu langu kwake na kwa wenzake.

Wadogo zetu mlioko madarasani mnajua kwamba mwenye A katika masomo yote matatu ya mchepuo wake huhesabiwa pointi tatu, na kwamba hakuna alama iliyo bora kuliko hiyo. Lakini kipimo hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Kiliwekwa na watu, kimebadilishwa na watu, na kila zama imekipa thamani yake.

Kaka zetu waliotutangulia walipimwa kutoka ng'ambo. Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, kilianza kuwatahini wanafunzi wa shule mwaka 1858, na baadaye mitihani yake ikaenea makoloni. Maswali yalitungwa huko, na majibu yakasahihishwa huko huko. Mtahini hakuijua shule wala kijiji cha mwanafunzi. Katika Cheti cha Shule kila somo lilipewa daraja kuanzia 1 mpaka 9, na yakahesabiwa masomo sita yaliyo bora. Kwa hiyo alama kamili ya wazee wale ilikuwa sita, si tatu.

Aliyeshinda alitazama Makerere, kule Uganda, chuo kilichoanza mwaka 1922 na kuunganishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949. Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka shule ya Tabora akaingia Makerere mwaka 1943. Nafasi zilikuwa haba mno. Hata Chuo Kikuu Kishiriki kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Nchi ilipopata uhuru wiki chache baadaye, maofisi yaliachwa wazi na wakoloni. Alama nzuri ikawa ufunguo wa nyumba, gari na mshahara.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu akawarudisha makwao zaidi ya 300. Mwaka uliofuata likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililosema kwamba mitihani yetu ilipima kumbukumbu kuliko akili na kuliko moyo wa kutumika. Mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Tanzania, na Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. Tangu hapo mhitimu wa Kidato cha Sita hakuruhusiwa kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alikwenda kwanza jeshini, kisha kazini, na ilimpasa apate sifa njema kutoka kazini na kwenye Chama.

Mimi nilimaliza hapa mwaka 1976. Nilitaka A tatu kama mwenye kiu anavyotaka maji. Taa za bweni zikizimwa niliwasha koroboi. Zamu yangu ya kumwagilia bustani nilimsukumia mdogo wa Kidato cha Tano, nikimwambia kwamba mimi nina mtihani. Nilipata A mbili na B moja, nayo B ile iliniuma miaka mingi.

Baada ya jeshi nilipangiwa ukarani katika ofisi ya maji ya wilaya moja ya bara. Siku moja tulikwenda kijiji ambacho pampu yake ya mkono ilikuwa haitoi maji. Nilijua kwa hesabu kwamba hewa haiwezi kuyasukuma maji kupita kimo cha mita 10 hivi, nikawaeleza wanakijiji vizuri kabisa. Walinisikiliza kwa heshima, ndoo zikiwa tupu. Fundi wetu, aliyeishia darasa la nne, akaifungua pampu, akatoa kipande cha ngozi kilichokwisha, akakata kingine, akakitia mafuta. Maji yakatoka. Somo langu la fizikia lilikuwa la kweli, lakini halikuwahi kushika spana.

Sisemi kwamba Azimio lilikuwa halina kasoro. Wenzetu wengine walisahau hisabati yao wakisubiri, na sifa njema ya kazini mara nyingine ilikwenda kwa mwenye kujuana na mkubwa. Wasichana walioingia chuoni walipungua, wakasamehewa sharti hilo baada ya miaka michache. Katika miaka ya 1980 mlango wa kwenda moja kwa moja ulifunguliwa tena.

Kipimo nacho hakijatulia. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalikuwa mabaya hata yakafutwa na kupangwa upya mwaka 2013. Mwaka 2014 divisheni ziliondolewa zikaletwa wastani wa alama, na mwaka 2016 divisheni zikarudi. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza watahiniwa na shule kumi bora. Kijana yule yule, mwenye akili ile ile, angeitwa majina tofauti katika miaka hiyo.

Basi, mdogo wangu wa chini ya mwembe, jibu langu ni hili. Itafute pointi tatu, wala usimsikilize anayekuambia kwamba ni ubatili. Nafasi bado zinagombewa, na mzazi wako ameuza mazao ili ukae darasani. Soma maswali ya miaka iliyopita, fanya majaribio kwa mikono yako mwenyewe, na umfundishe mwenzako, maana usichoweza kumweleza mwenzako hujakijua. Lakini zamu yako ya bustani usimsukumie mtu. Yule mdogo wa Kidato cha Tano nilikutana naye katika mkutano huo huo wa mwaka jana. Nilimwomba radhi, miaka zaidi ya 40 imepita. Akacheka, akasema mchicha ule aliula yeye.