Kutoka Kumbini hadi Dar es Salaam: Historia Fupi ya Ulezi wa Vijana Wetu



Katika vijitabu vya miaka iliyopita tumezoea kuwaandikia habari za madarasa, visima na madawati. Safari hii kamati imetutaka sisi wa upande wa hesabu tueleze mpango wa walezi, kwa sababu ndicho kifungu kilicholeta maneno mengi kwenye mkutano mkuu, na kwa sababu fedha zake zimepita mikononi mwetu. Tumeona tusianze na fedha. Tuanze na kumbi.

Kwa wazee wetu, Wamakua, Wayao na Wamakonde, kijana hakufundwa na baba yake. Ukoo ulihesabiwa kwa mama, na neno la mjomba lilikuwa zito. Wakati ukifika, kumbi ilijengwa nje ya kijiji. Ngariba alifanya kazi yake akaondoka, na wari wakabaki na makungwi chini ya nyakanga. Mama hakuruhusiwa kufika huko, lakini chakula kilitoka jikoni kwake. Wasichana nao walikuwa na unyago wao na makungwi wa kike, na huko wanaume hawakutia mguu.

Wengi tunakumbuka ngoma na nyimbo. Sisi tunaoishi kwa kukagua vitabu vya watu tunavutiwa zaidi na jinsi kungwi mwenyewe alivyobanwa. Hakuwa peke yake na mwari. Palikuwa na makungwi wengine, na juu yao nyakanga ambaye kijiji kizima kilimjua. Alikuwa na miiko. Wari wakiwa kumbini alitakiwa kujizuia na mambo ya unyumba, na iliaminika kwamba akiivunja miiko hiyo vidonda vya watoto havitapona. Na kazi yake ilikuwa na mwisho. Siku ya kutoka, wari walioshwa, wakavishwa nguo mpya, wakapewa majina mapya, na kumbi ikachomwa moto. Baada ya siku hiyo kungwi aliheshimiwa mpaka anakufa, lakini hakuwa tena na amri ya kumwita kijana usiku.

Hatusemi kwamba zamani kila kitu kilikuwa chema. Usiri wa kumbi ulificha pia viboko na uonevu ambao mtoto hakuwa na mtu wa kumweleza. Na hadi leo wako wasichana wadogo mno wanaopelekwa unyagoni wakati wa likizo, wakafundishwa mambo ya mke na mume kabla hawajamaliza darasa la nne. Hilo tulikatae waziwazi, hata kama shangazi zetu watatununia.

Wamisionari wa UMCA walioanza kituo chao Masasi mwaka 1876 walihangaika sana na jando. Wengine walitaka lifutwe kabisa. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi mwaka 1926, alichukua njia nyingine: aliliacha jando, akaondoa aliyoona hayafai, akaweka sala na wazee Wakristo wa kulisimamia. Unaweza kubishana naye kuhusu alichoondoa, na wazee wengi walibishana naye. Lakini alielewa kwamba ukimnyang'anya kijana kungwi wake bila kumpa mwingine, umemwacha njiani.

Njiani ndiko vijana wetu walikokuja kujikuta. Wanaume walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge Tanga, wengine wakateremkia Dar es Salaam. Baada ya uhuru wakaja wanafunzi: ukichaguliwa sekondari ya mbali, unafunga sanduku, unapewa jina la mtu wa nyumbani anayeishi Temeke au Magomeni, unakwenda kumwamkia na kulala kwake mpaka siku ya safari. Mwenyeji huyo alikuwa mjomba, kungwi na benki kwa pamoja. Miaka ya sabini operesheni vijiji ilizihamisha koo na kuzichanganya, na wale wazee ambao wangemhoji mwenyeji huyo wakatawanyika.

Wala kumhoji hakukuwa rahisi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, mvua zikinyesha barabara ya kusini ilifungwa, na mzazi aliyempeleka mtoto Dar alisubiri barua. Sisi tuliozaliwa mwishoni mwa miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini tulilelewa hivyo. Wengi wetu tulipata watu wema, na ndiyo maana tuna kazi na tuna uwezo wa kuchanga leo. Wachache walifagia nyumba za watu miaka minne wakiitwa wanafunzi. Hao hawaji kwenye mikutano yetu, na hatujawahi kuwauliza kwa nini.

Tulipoanzisha mpango wa walezi tulidhani tunarudisha kitu cha wazee. Serikali ilikuwa imeondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaondoa ya kidato cha tano na cha sita. Kilichobaki kuwasumbua vijana kilikuwa malazi, nauli na mtu wa kuwaelekeza. Kwa hiyo tuliandika majina ya wanachama wenye nafasi, tukagawa vijana, tukapiga makofi. Tulirudisha kungwi, tukasahau nyakanga, miiko na siku ya kuchoma kumbi.

Tuseme lililotokea. Binti mmoja aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha nne aliletwa mjini kwa mlezi ambaye sote tulimwamini, hasa kwa sababu hakuwahi kuchelewesha mchango. Alipewa simu. Alipewa fedha ndogondogo, akaambiwa wenzake wasijue. Baada ya wiki chache alipanda basi akarudi nyumbani, akamweleza shangazi yake kwamba zawadi zile zilikuwa na madai nyuma yake. Habari ilipotufikia tulikaa kikao cha ndani, tukamrudishia mama yake nauli, mwanachama yule akajitoa kimyakimya, na sisi tukafunga jalada kama tunavyofunga mwaka wa hesabu. Hatukwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Hatukumuuliza binti anataka nini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na tangu 2016 anayempa mimba mwanafunzi anaweza kufungwa miaka 30. Tulizijua sheria hizo. Tuliogopa jina la chama.

Tunaliandika hapa kwa idhini ya familia, bila majina, kwa sababu mnaombwa fedha na mna haki ya kujua zinaingia mahali gani.

Lipo na la upande wa pili, dogo lakini limetugharimu walezi wazuri. Mwenzetu mmoja alimpokea kijana, akampenda kama mwanawe, naye kijana akaanza kupiga simu usiku wa manane: kodi, vocha, mdogo wake anaumwa, mara bodaboda. Mwenzetu hakuwahi kusema hapana. Siku moja akazima simu, na kijana akabaki akijiuliza amekosa nini. Laiti angeambiwa mwanzoni kwamba msaada ni huu, unaishia hapa, na mlezi anapokea simu mpaka saa tatu usiku, wangekuwa wanasalimiana hadi leo.

Katika uhasibu hundi ina saini mbili. Hiyo haina maana kwamba wote wawili ni wezi. Kuanzia mwaka huu kila kijana ana walezi wawili, wa nyumba mbili tofauti, na wanamwona barazani au mahali penye watu. Fedha za shule zinakwenda shuleni moja kwa moja. Mlezi hatoi zawadi wala mkopo ambao mjomba au mama hana habari nao. Mlezi anamwambia kijana siku ya kwanza kwamba siri zake atazitunza, isipokuwa akisikia anaumizwa. Hapo atasema, na atamwambia kwanza kwamba anakwenda kusema. Kijana anapewa namba 116 ya huduma kwa mtoto, na namba za wanakamati watatu, wawili wakiwa wanawake. Muda ni miaka miwili. Ukiisha tunawaita wote mbele ya wazazi, kijana anaeleza mwenyewe alivyoishi, kisha mpango unafungwa.

Wapo waliosema mkutanoni kwamba masharti haya yanawatukana walezi. Walezi watatu wamejitoa. Tumewashukuru kwa kazi yao na hatukuwabembeleza.

Kifungu kipya mtakachokiona kwenye bajeti ni nauli ya mzazi: tiketi ya basi ya kwenda na kurudi, Masasi na Dar es Salaam, mara moja kwa mwaka kwa kila kijana, ili mama au mjomba aone kwa macho yake mtoto analala wapi. Barabara sasa inapitika, na basi linafika siku hiyohiyo. Kimewekwa mstari wa pili, juu ya gharama za ofisi.