Sikio la Speke na kiraka cha pua

Machi 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Ujiji kwa mtumbwi kuvuka Ziwa Tanganyika, akitafuta jahazi. Usiku mmoja, baada ya dhoruba kupiga hema lake, mdudu akamwingia sikioni. Speke akamchokonoa kwa kisu, akajiumiza. Sikio likatunga usaha, uso ukapinda, na akawa haisikii vizuri upande ule. Baadaye aliandika kwamba kila akipenga kamasi, sikio linapiga mluzi!

Sio uchawi. Ngoma ya sikio ilitoboka, na sikio la kati limeungana na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba.

Speke alikuwa na bahati: tundu lake halikufika kwenye ubongo. Lakini juu ya pua kuna mfupa mwembamba sana, ndio sakafu ya fuvu. Ukivunjika, tuseme kwa ajali ya bodaboda, maji yanayouzunguka ubongo yanaweza kuvujia puani. Na maji yanakotokea, bakteria hupandia hukohuko, wakaleta homa ya uti wa mgongo.

Mwaka 1926, Walter Dandy wa Marekani aliziba tundu la namna hii kwa kufungua fuvu. Miaka ya 1980 madaktari wakaanza kupitia puani na kamera nyembamba. Baadaye wakatoa hadi uvimbe kwa njia hiyo, ila matundu yaliyobaki yakawa makubwa. Waliziba kwa mafuta au utando wa paja, lakini mara nyingi yalivuja tena.

Kwa nini? Fundi wa mitumbwi pale Kibirizi anaweza kuziba ufa kwa kalafati ya pamba ikakaa. Mwili haufanyi hivyo: kiraka kisicho na damu ni rahisi kufa.

Mwaka 2006, Gustavo Hadad na Luis Bassagasteguy wa Argentina, na wenzao wa Pittsburgh, wakachapisha jibu. Unabandua utando wa ukuta wa kati wa pua, unauacha ukiwa umeshikana na mshipa wake wa damu, kisha unaugeuza kufunika tundu. Kiraka kiko hai, kinajishonea chenyewe. Kati ya wagonjwa 43, wawili tu walivuja tena.

Upasuaji wa ubongo kupitia puani sasa unafanyika MOI, Dar es Salaam. Kutoka Kigoma ni kilomita zaidi ya 1,200 kwa reli. Kwa hiyo mtu akiumia kichwa, kisha pua ikadondosha maji meupe kama ya kisimani, msiseme ni mafua. Mwahisheni hospitali.