Kuhamia toleo jipya

Katika maduka ya uchapaji ya Mwanakwerekwe, Zanzibar, yale ya kadi za harusi, mialiko ya maulidi na fulana za timu, vijana husema "kuapgredi". Wanaofasiri huwapa "kuboresha". Kwa programu za usanifu neno hilo halitoshi. Ukiboresha kitu, hubaki nacho kile kile, kikiwa bora. Hapa unapokea programu nyingine, na kazi zako zote za nyuma hazina budi kuifuata.

Kuhuisha (update) ni jambo jengine, na ofisi zetu zimeshalizoea kwa kuhuisha taarifa. Programu iliyohuishwa hubaki na toleo lake; hurekebishwa kasoro, na kwa kawaida mafaili hufunguka kama jana. Toleo likibadilika, muundo wa mafaili nao huweza kubadilika. CorelDRAW kongwe haifungui faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya, ila aliyelitengeneza awe amelihifadhi kwa muundo wa nyuma. Mteja anakuja na nembo yake kwenye flashi, harusi ni Ijumaa, na nembo haifunguki.

Ndiyo maana napendelea "kuhamia toleo jipya", na ningefurahi BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ikilitazama. Anayehama nyumba hukuta kabati lisilopita mlangoni. Kabati hilo ni PageMaker, programu kongwe ya Adobe ya kupanga kurasa: toleo lake la mwisho, 7.0, lilitoka mwaka 2001, na kwa mrithi wake, InDesign, toleo la CS6 la mwaka 2012 ndilo la mwisho lililoweza kuyafungua mafaili yake. Aliyeruka kutoka PageMaker hadi InDesign ya leo ameyaacha nyuma. Fonti nazo huachwa: mwaka 2023 Adobe iliacha kuzikubali fonti za Type 1 katika programu zake, na mwaliko uliopangwa kwa fonti hizo hubadilika sura.

Kuhama kuna gharama. Tangu mwaka 2013 matoleo mapya ya InDesign hupatikana kwa kulipia ada isiyokoma, na duka dogo huilipa hata mwezi usio na harusi. Inkscape na Scribus hazina ada, na kwa kadi na mabango zinatosha kabisa. Kompyuta ya Windows 7, iliyoachwa na Microsoft tarehe 14 Januari 2020, huenda ikalikataa toleo jipya. Basi bei ya mashine iingie kwenye hesabu.

Kompyuta ya zamani isiuzwe mpaka kazi za wateja wa kudumu zifunguliwe moja moja kwenye toleo jipya, zilinganishwe na karatasi zilizochapwa, na kila moja ipate nakala ya PDF.