Si Mawazo Tu

Kwa muda mrefu, madaktari wengi wa Ulaya waliamini pumu ni shida ya neva. Mwaka 1860, Henry Hyde Salter wa London alichapisha kitabu kizima akitetea hoja hiyo, na yeye mwenyewe alikuwa na pumu. Dawa aliyoisifu ni kahawa nyeusi, kali. Kumbe ilisaidia, maana kafeini hufungua kidogo njia za hewa.

Mwaka 1950, Franz Alexander wa Chicago akaenda mbali zaidi. Kwake, shambulio la pumu lilikuwa kilio cha mtoto kwa mama yake, kilio kilichozuiwa kisitoke. Yaani wewe unakosa hewa, halafu mama ndiye anachunguzwa!

Baadaye ikajulikana kwamba njia za hewa zenyewe huvimba, na tangu 1972 inhela za steroidi zikaanza kuzituliza. Nadharia ya kina Alexander ikatupwa. Shida ni kwamba hofu ya mgonjwa nayo ilitupwa pamoja nayo.

Naiona hasara hiyo kwa shangazi yangu. Hana pumu, mapafu yake yaliharibiwa na moshi wa kuni. Kliniki anapuliza mashine, anapewa inhela, anarudi nyumbani. Hakuna anayemuuliza mbona siku hizi haendi chama. Majirani nao wanamwambia, "Wacha mawazo, mama."

Lakini si mawazo tu. Pafu bovu hutoa hewa polepole. Hofu ikiingia, unapumua harakaharaka, unavuta nyingine kabla ya kwanza kutoka. Hewa inanaswa ndani, kifua kinajaa, hofu inapanda tena. Ili usiaibike mbele ya watu, unaacha ngazi, kisha soko, kisha kanisa. Misuli inalegea, hadi kwenda choo kunakuwa safari. Upweke unaingia, na huzuni isiyotoka.

Kwa hivyo hofu si jambo la kupuuzwa. Kosa lilikuwa kuifanya chanzo cha kila kitu, na waliofuata wakakosea kwa kuisahau. Kuna ya kufanya: kutembea kidogokidogo chini ya uangalizi, kutoa pumzi taratibu kama anayepoza chai, na kutibu huzuni kama ugonjwa kamili. Ila yote huanza na mtu wa kliniki kuinua macho kutoka kwenye faili na kuuliza, "Na usiku, unaogopa?"