Kwani Intaneti Si Moja?

Januari ya mwaka juzi, siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne, mama mdogo alinipigia simu kutoka Morogoro, hata shikamoo yangu hakuingoja. "Nimeweka bando asubuhi hii hii. WhatsApp inafunguka, matokeo ya mtoto hayafunguki. Hela yangu imekwenda wapi?" Nikamuuliza ameweka bando gani. Akanisomea ujumbe neno kwa neno: lilikuwa bando la mitandao ya kijamii. Nikamweleza kwamba hilo linafungua WhatsApp na wenzake wachache, tovuti ya matokeo halina habari nayo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwani intaneti si moja, mwanangu?"

Matokeo nilimtazamia mimi kwenye simu yangu, nikayapiga picha, nikamtumia kwa WhatsApp. Mtoto amefaulu, ugomvi ukaisha. Swali lenyewe ndilo lililobaki. Nilipoanza kulifuatilia nikakuta Wamarekani wamelibishania bungeni, mahakamani na barabarani kwa zaidi ya miaka 20, tena kwa ukali, na Bunge lao mpaka leo halijapitisha sheria ya kulijibu.

Wao wanaliita kwa jina alilolitia kwenye makala ya mwaka 2003 mwanasheria Tim Wu, wakati huo akifundisha Chuo Kikuu cha Virginia. Kwa Kiswahili tuseme usawa wa mtandao. Maana yake si ngumu: anayekuuzia njia ya kuingia intaneti asizuie, asicheleweshe wala asipendelee kitu chochote halali unachokwenda kukifuata huko. Wewe lipia njia. Unakokwenda ni shauri lako.

Lakini nikianza na Wu nitakuwa nimedandia basi njiani. Mwaka 1860 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kusaidia ujenzi wa laini ya telegrafu kufika pwani ya Pasifiki, na ndani yake likaweka sharti: ujumbe wa mtu yeyote au kampuni yoyote upelekwe bila upendeleo, kwa kufuata zamu ya kupokelewa. Serikali ilijitoa, ujumbe wake ukawa unatangulia. (Serikali haijawahi kupanga foleni, hata huko.) Kwa hiyo miaka mia moja na ushee kabla ya intaneti, kuna mtu alishaona hatari. Mwenye waya anaweza kuamua nani asikike kwanza.

Halafu kuna kisa cha Almon Strowger, nakipenda sana. Huyu alikuwa na biashara ya mazishi mjini Kansas City. Inasimuliwa kwamba mshindani wake katika biashara hiyo alikuwa na mke anayefanya kazi kwenye swichibodi ya simu, na kila mfiwa aliyeomba kuunganishwa na Strowger, mama yule alimuunganisha na mumewe. Pengine kisa kimetiwa chumvi. Kisichobishaniwa ni kwamba mwaka 1891 Strowger alipata hataza ya swichi ya simu inayojiendesha, isiyohitaji mtu katikati, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha kutumia swichi hizo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Mzishi aliona dawa ya upendeleo ni kumwondoa binadamu katikati. Wanasiasa walichagua njia nyingine. Sheria ya 1910 iliziweka kampuni za telegrafu na simu kwenye kundi la wachukuzi wa umma, pamoja na reli, na ile ya 1934 ikaunda Tume ya Mawasiliano, FCC, ya kuzisimamia.

Mchukuzi wa umma ni nani? Sisi tunaotuma mizigo kwa mabasi ya mikoani tunamjua. Unapeleka gunia, linapimwa, unalipa, linapanda. Konda hakuulizi umenunua duka gani. Siku atakayosema mizigo ya duka la shemeji yake inakaa ndani na yako itangoja basi la kesho, hapo tutagombana.

Sasa ugomvi wa Marekani ulianzia kwenye maneno mawili. Sheria mpya ya mwaka 1996 ilizigawa huduma: za mawasiliano, ambazo zina wajibu wa mchukuzi, na za habari, ambazo hazina. Intaneti ya majumbani ni ipi? Sheria haikusema wazi. Mwaka 2002 FCC ikaamua kwamba intaneti inayokuja kwa kebo za televisheni ni huduma ya habari, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu, majaji 6 kwa 3, ikasema Tume ilikuwa na haki ya kuamua hivyo. Jaji Antonin Scalia, mhafidhina ambaye hakuna aliyemdhania adui wa makampuni, alipinga. Akatoa mfano wa pizza: mwenye mgahawa anayekuletea pizza mlangoni hawezi kusema eti yeye anauza pizza tu, kuleta hakumo kwenye huduma zake. Kuleta ndiko unakomlipia! Mimi nasimama na Scalia kwenye hili, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Uamuzi ule ukaacha mlango wazi, na watu wakapita. Mwaka huohuo 2005 kampuni ndogo ya simu ya North Carolina, Madison River, ilibanwa na FCC kwa kuzuia simu za Vonage zinazopita kwenye intaneti, ikalipa dola 15,000 na kuacha. Mwishoni mwa mwaka mkuu wa SBC, Ed Whitacre, akauliza kwenye mahojiano kwa nini kampuni za mtandaoni zitumie mabomba yake bure. Watu wengi walijiuliza: bure vipi, na mimi mwenye nyumba nalipa kila mwezi?

Mwaka 2006 jambo likafika bungeni. Mbunge Edward Markey alileta pendekezo la kuingiza usawa wa mtandao kwenye sheria, likaangushwa kwa kura 269 dhidi ya 152. Upande wa Seneti, mzee Ted Stevens wa Alaska, mwenyekiti wa kamati iliyohusika, alieleza kwamba intaneti ni mlolongo wa mirija na kwamba ujumbe aliotumiwa Ijumaa ulimfikia Jumanne kwa sababu mirija imejaa. Nchi nzima ikamcheka. Kicheko kile naona kilizidi. Mfano wa mirija si mbaya hivyo, na Whitacre aliposema mabomba hakuna aliyemcheka. Tena nyuma ya maneno ya mzee kulikuwa na hoja ya kweli ya upande wake: waya unajaa, kuupanua kunagharimu mabilioni, na mwenye mtaji akikatazwa kutoza zaidi wanaoujaza atawekeza kwa sababu gani? Hoja hiyo ilistahili jibu. Ikapata vichekesho.

Mwaka uliofuata mhandisi mmoja, Robb Topolski, alikuwa anajaribu kuwagawia wenzake nyimbo za kale za waimbaji wanne wanne kwa kutumia BitTorrent. Zikawa haziendi. Akachunguza, akagundua kwamba kampuni ya Comcast inaingiza ujumbe wa uongo katikati ya kompyuta mbili, kila moja ikiamini kuwa mwenzake amekata. Shirika la habari la AP likafanya jaribio lake, nalo likaona kitu kilekile, na walichokuwa wanakituma ni Biblia. FCC ilipoitisha kikao cha wazi Chuo Kikuu cha Harvard, Februari 2008, Comcast ilikiri kwamba ililipa watu waende kushika viti. Baadhi walilala humohumo ukumbini, na wananchi waliotaka kusikiliza wakazuiwa mlangoni kwa kuwa pamejaa.

Kuanzia hapo ni kupanda na kushuka, nitapita haraka. FCC iliikemea Comcast mwaka 2008, mahakama ikafuta kemeo hilo 2010. Tume ikatunga kanuni mwishoni mwa 2010, Verizon ikashtaki, na Januari 2014 sehemu kubwa ya kanuni ikaanguka. Hoja ya majaji ilikuwa ileile: mmesema wenyewe hawa si wachukuzi, basi msiwatwishe wajibu wa wachukuzi. Juni mwaka huo mchekeshaji John Oliver aliwaambia watazamaji wake waandike maoni kwa Tume, na mtambo wa kupokea maoni ukazidiwa. Walioandika wakafika karibu milioni 4. Februari 26, 2015, kwa kura 3 dhidi ya 2, FCC ikatamka kwamba intaneti ni huduma ya mawasiliano, na wenye njia ni wachukuzi.

Ushindi ule ulidumu kadiri ya urais mmoja. Mwaka 2017 mwenyekiti mpya, Ajit Pai, akaanza kuurudisha nyuma, na Tume ikaomba tena maoni ya wananchi. Safari hii yakaja zaidi ya milioni 22. Ukiisoma namba hiyo peke yake unaweza kusema demokrasia imechanua. Mwanasheria Mkuu wa New York alichunguza kwa miaka kadhaa, na ripoti yake ya Mei 2021 ikasema karibu milioni 18 kati ya hayo yalikuwa ya kughushi. Milioni 8.5 yalitokana na kampeni iliyolipiwa na kampuni za mtandao kwa dola milioni 4.2, kwa kutumia majina ya watu halisi wasiojua lolote, wengine wakiwa marehemu. Upande unaotetea usawa nao haukuwa safi. Milioni 7.7 yalitengenezwa na kijana mmoja wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, kwa programu inayobuni majina.

Niliposoma ripoti hiyo nilirudi kumfikiria yule mzishi wa Kansas City. Mteja wake alipiga simu na sauti yake ikapelekwa kwingine. Hapa sauti haikupotezwa njia, ilitengenezwa. Mama wa watu yupo kaburini, na serikalini kuna barua yenye jina na anwani yake inayosema anachukizwa na kanuni za intaneti. Tume ilipiga kura Desemba 14, 2017, tatu kwa mbili upande wa pili sasa, bila kungoja mtu achambue yupi alikuwa hai.

Je, mbingu zilianguka? Hapana, na waliotabiri kwamba intaneti itakufa kesho yake walijipunguzia heshima. Lakini kiangazi cha 2018, California ikiungua, zimamoto wa wilaya ya Santa Clara walijikuta gari lao la kuratibu mawasiliano limepunguzwa kasi na Verizon kwa sababu wamemaliza kiasi chao cha data, na kwamba dawa ni kupanda kifurushi cha bei kubwa. Kampuni ilisema ni kosa la huduma kwa wateja, halihusiani na usawa wa mtandao, na kwa herufi ya kanuni inaweza kuwa sahihi: hawakuibagua tovuti fulani. Ila mtu aliyesimama mbele ya moto alimpigia nani simu kulalamika? Mwezi Septemba California ikapitisha sheria yake yenyewe.

Bungeni mambo yalikwama palepale. Seneti ilipiga kura 52 kwa 47 mwaka 2018 kurudisha kanuni, Baraza la Wawakilishi halikuligusa. Wawakilishi wakapitisha muswada wao 2019, Seneti haikuugusa. Aprili 2024 FCC ikarudisha kanuni mara nyingine. Januari 2, 2025, Mahakama ya Rufaa ya Cincinnati ikazifuta, ikisema majaji hawalazimiki tena kufuata tafsiri ya Tume, intaneti ni huduma ya habari, kwisha. Maneno mawili ya mwaka 1996 yamegeuzwa na kugeuzwa kama chapati, na waliokuwa na uwezo wa kuyafafanua kwa sheria hawakufanya hivyo.

India walichukua njia fupi zaidi. Facebook ilikuwa imeanza kuzipelekea nchi maskini huduma ya tovuti chache za bure, iliyokuja kuitwa Free Basics. Tanzania ilifika Oktoba 2014, Kenya mwezi uliofuata. Huku kwetu tuliipokea kwa mikono miwili, na simlaumu mtu, cha bure hakina kipimo. Wahindi wakauliza swali la mama mdogo: intaneti si moja? Waliituma barua pepe zaidi ya milioni moja kwa mamlaka yao ya mawasiliano mwaka 2015, na Februari 8, 2016, mamlaka ikapiga marufuku kutoza bei tofauti kwa kuangalia mtu anafungua nini. Bando la mama mdogo lisingeweza kuuzwa Mumbai.

Nilimwambia hivyo. Akauliza Mumbai bando ni shilingi ngapi.

Yeye analo lilelile mpaka leo, maana ndilo analolimudu, na sina hoja ya kumpinga. Akitaka kusoma kitu kilicho nje ya WhatsApp ananiagiza, nami nakipiga picha na kumtumia. Wiki iliyopita alitaka habari moja ya bei za mahindi. Ilikuwa ndefu, nami nilikuwa na haraka, nikampigia nusu ya kwanza tu. Hakujua kama kulikuwa na nusu nyingine.