Cherehani ya miguu: kesi, kutu na kanyagio lisilo na mwenyewe

Miguu ya cherehani ilikuwa imelazwa juu ya mizani, kwenye yadi moja ya skrepa Buguruni, jijini Dar es Salaam. Katikati ya yale maua ya chuma herufi zilisomeka vizuri: SINGER. Kichwa chake kilikuwa chini, kimeegemezwa kwenye injini ya pikipiki, gurudumu limekwama. Kijana aliyeileta alisema ni ya marehemu bibi yake. Arobaini imepita, vitu vinagawanywa, na katika ukoo mzima hakuna aliyeitaka. Ilikuwa inauzwa kwa kilo, sawa na nondo na mabati. Nililipa bei hiyohiyo ya kilo, nikaipakia kwenye bajaji.

Nalieleza hili kwa sababu Agosti 12 ya mwaka 2026 inatimia miaka 175 tangu Isaac Merritt Singer apewe hataza namba 8,294 nchini Marekani. Hataza ni hati ya serikali inayomlinda mbunifu asinyang'anywe kazi yake, na ugomvi wa hati hizo ndio uliojaza ujana wote wa cherehani. Mengi ya zamani niliyoyaandika hapa yametoka katika vitabu viwili: cha Grace Rogers Cooper, aliyekuwa mtunzaji wa nguo na vitambaa katika makumbusho ya Smithsonian, na cha Ruth Brandon kilichotoka 1977 kuhusu maisha ya Singer. Cooper anapenda vyuma, Brandon anapenda watu. Nakiri nimemfuata zaidi Brandon.

Mwanzo wenyewe unajulikana. Fundi Mfaransa Barthélemy Thimonnier alipata hataza mwaka 1830 na kufungua karakana Paris, yenye cherehani zipatazo 80 za kushona sare za jeshi. Mwaka uliofuata washonaji waliohofia riziki yao waliivamia na kuzivunja. Kule New York, Walter Hunt aliunda mashine yenye sindano iliyotobolewa tundu karibu na ncha, na uzi wa pili uliopita chini ya nguo ukafungana na wa juu. Hakuiombea hataza. Aliiacha, akaendelea na mambo mengine. Baadaye alibuni pini ya kufunga tunayoitumia kwa nepi za watoto.

Kisha akaja Elias Howe, mzaliwa wa Spencer, Massachusetts, mwenye mguu mbovu tangu utotoni, aliyejifunza ufundi wa mashine huko Lowell kwenye viwanda vya pamba. Msomaji wa pwani asimame hapa kidogo. Vitambaa vya pamba vya jimbo hilohilo la Massachusetts ndivyo wafanyabiashara wa Salem walivyovileta Unguja, na wazee wetu wakaviita merikani. Basi nguo ya kwao ilitufikia kabla ya mashine ya kuishonea.

Mke wa Howe alikuwa akishona nguo za watu usiku ili nyumba ile, na mume alikaa akimtazama mkono unavyokwenda. Mwaka 1845 alipeleka mashine yake Boston, akashindana na washonaji hodari watano wa kike, akawashinda. Mshonaji wa mkono hupiga mishono 40 hivi kwa dakika. Mashine ya Howe ilipiga 250. Watu walistaajabu, lakini hakuna aliyenunua. Septemba 10, 1846 alipata hataza yake. Ndugu yake Amasa akaenda Uingereza, akauza haki za huko kwa pauni 250 kwa William Thomas, mshonaji wa sidiria ngumu za zamani, kisha Howe mwenyewe akafuata, akafanya kazi na Thomas hadi wakakosana. Aliporudi Marekani mwaka 1849 hakuwa na kitu, na mkewe alikuwa akifa kwa kifua kikuu. Inasimuliwa kwamba aliazima suti ili amzike.

Hapo ndipo alipogundua kuwa madukani kumejaa cherehani zenye sindano yake.

Singer alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani, mrefu, mwenye sauti kubwa na wake katika nyumba zaidi ya moja. Mwaka 1850 alikuwa katika karakana ya Orson Phelps huko Boston, ambako walikuwa wakitengeneza cherehani za watu wengine zilizokuwa zikiharibika kila mara. Mchapishaji mmoja, George Zieber, alitoa dola 40, na kwa siku 11 Singer akaunda ya kwake. Kwa maelezo yake mwenyewe, usiku wa mwisho haikukubali kukaza mshono. Mafundi wakaenda zao. Yeye na Zieber wakaketi juu ya rundo la mbao njiani, wamekata tamaa, mpaka Zieber alipouliza kuhusu uzi uliokuwa ukilegea upande wa juu wa nguo. Singer akakumbuka: hawakuwa wamekaza uzi wa sindano! Walirudi mbio, wakapiga mishono mitano mizuri, uzi ukakatika. Mitano ilitosha.

Phelps aliondolewa kwenye ubia mapema. Zieber naye alipougua, Singer alimshawishi kwamba anakufa, akamnunulia fungu lake kwa dola 6,000. Zieber hakufa. Nafasi yao ilishikwa na mwanasheria Edward Clark, na alihitajika, kwa kuwa Howe alikuwa mlangoni na madai ya dola 25,000. Singer, inasimuliwa, alitishia kumtupa kutoka juu ya ngazi.

Magazeti ya Marekani yaliita kilichofuata vita ya cherehani. Kila kampuni ilimshtaki mwenzake. Wakili wa Singer alitafuta njia ya kuthibitisha kwamba Howe hakuwa wa kwanza, na njia hiyo ilimfikisha kwa yule Walter Hunt. Vipande vya mashine yake ya zamani vilipatikana katika chumba cha juu, Mtaa wa Gold, New York, vimeshikwa na kutu, na mzee akatakiwa aiunde tena. Mimi nauhesabu huo kuwa ukarabati wa kwanza wa cherehani kongwe duniani, na ulifanyika kwa ajili ya kesi. Mwaka 1854 mamlaka ya hataza ilikubali kwamba Hunt alitangulia, lakini ikasema ameshaitelekeza kazi yake kwa miaka mingi, kwa hiyo haki imempita. Singer alimlipa Howe dola 15,000.

Vita ilimalizika Oktoba 1856 katika mji wa Albany. Orlando Potter, rais wa kampuni ya Grover & Baker, aliwaonyesha wenzake kwamba mawakili watawamaliza wote. Wakaunganisha hataza zao: kila cherehani itakayotengenezwa italipiwa dola 15, na Howe achukue dola tano kwa kila moja itakayouzwa Marekani. Yule aliyeazima suti akawa tajiri mkubwa kabla hajafariki mwaka 1867.

Mahatma Gandhi, aliyepinga mashine nyingi, alipoulizwa mwaka 1924 aliitoa cherehani ya Singer katika lawama zake. Aliamini Singer aliibuni kwa kumwonea huruma mkewe aliyechoka kushona. Huruma hiyo, kwa yote niliyoyasoma, ni ya nyumbani kwa Howe.

Lakini katika kesi zote hizo, kitu kimoja hakikugombewa. Singer alisafirisha mashine yake ndani ya sanduku la mbao, na sanduku lilelile akaligeuza meza. Chini yake alifunga ubao kwa bawaba kama ya mlango, ili mguu uendeshe na mikono yote miwili ibaki kwenye nguo. Hakufikiri kwamba hilo ni la kuombea hati. Alipozinduliwa, lilikuwa limeshatumika hadharani kupita muda ulioruhusiwa na sheria. Kanyagio likabaki halina mwenyewe. Watu walivutana mashati kwa ajili ya tundu la sindano, na kile kilichokuja kumfaa fundi wa kijiji kisicho na umeme kikapita bure kati ya miguu yao.

Kilichobaki ni biashara. Tangu mwaka 1856 Singer na Clark waliuza kwa malipo ya kidogo kidogo, kwa sababu mashine ilizidi dola 100 na familia nyingi ziliishi kwa dola 500 kwa mwaka. Mwaka 1885 kampuni ilifungua kiwanda kikubwa Kilbowie, Clydebank, huko Scotland. Mwaka 1913 kilisafirisha cherehani milioni 1.3. Kilifungwa mwaka 1980, ila kituo cha treni cha pale bado kinaitwa Singer.

Herufi K iliyomo katika majina kama 15K na 29K ni ya Kilbowie, na ndiyo utakayoikuta kwenye cherehani nyingi za zamani za mabaraza yetu. Neno lenyewe cherehani hunasibishwa na Kiajemi, ambako gurudumu ni charkh. 29K ni ile yenye mkono mwembamba ambayo mafundi viatu wanaipenda: mguu wake wa kubana huzunguka pande zote, kwa hiyo kiatu hushonwa bila kugeuzwa. Baada ya Singer zikaja Usha kutoka India na Butterfly kutoka China, na kichwa cha nyingi kati yao kimefuata umbo la ile 15.

Nenda Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, au Biashara Street, Mombasa, uone kwa nini hazijaisha. Kanga huuzwa doti, vipande viwili vimeungana. Lazima ikatwe na ipindwe. Mnunuzi hana haja ya kwenda mbali. Fundi yupo nje ya duka, kichwa ameinamisha, miguu inakwenda. Umeme ukikatika hajui.

Alipokuwa Waziri wa Viwanda katika serikali ya awamu ya tano, Charles Mwijage alisema mwenye cherehani nne ana kiwanda, na nchi nzima ikacheka. Mimi sikucheka. Sera yetu ya biashara ndogo ya mwaka 2003 inaanza kuhesabu kwa mtu mmoja hadi wanne, na karakana ya Phelps haikuwa kasri. Kosa letu ni kuzisifu cherehani nne majukwaani huku ya tano tukiiacha ipimwe kwa kilo. Mahoteli nayo yananunua miguu tu, yanaweka kioo juu, inakuwa meza ya kahawa. Kichwa kinatupwa. Hilo linaniuma zaidi ya skrepa, maana mwenye skrepa angalau hajifanyi kuthamini.

Ile ya Buguruni niliipeleka kwa mzee mmoja anayetengeneza cherehani, ambaye hakutaka jina lake liandikwe. Yeye si fundi cherehani kwa maana ya mshonaji. Hawezi, kwa maneno yake, hata kupinda suruali yake. Alisoma namba iliyogongwa kwenye kichwa, ikaanza na Y, mfululizo wa Clydebank wa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ni 15K. Akaushika mkono wangu nilipotaka kulazimisha gurudumu. Nyingi, alinieleza, hazijaharibika. Zimegandishwa na mafuta yaliyokauka, mara nyingi mafuta ya kula ambayo mtu alitia kwa kukosa ya cherehani.

Alitia mafuta ya taa tone kwa tone katika kila tundu na kila kiungo, akaiacha. Siku ya pili akarudia. Hakushika nyundo. Siku ya nne gurudumu lilisogea nusu inchi, jioni likazunguka lote. Alinikataza spiriti, kwa kuwa inayeyusha vanishi na kuondoka na nakshi za dhahabu. Chini ya bamba la sindano, kwenye meno yanayosukuma nguo, alichomoa vumbi la nyuzi lililoshikamana kama godoro, na ndani yake kipande cha uzi mwekundu. Nimekihifadhi, nikimpata yule kijana nitampa, ni cha bibi yake.

Mkanda wa ngozi ulinunuliwa mpya, ukakatwa na kuunganishwa kwa kikulabu cha waya. Meza ilichongwa upya. Sindano tuliyoifunga ni ya kawaida, inayouzwa leo kwenye duka lolote la nyuzi, ikaingia bila kulazimishwa katika mashine yenye miaka karibu 100. Sehemu ngumu ilikuwa mimi. Gurudumu lazima lije upande wako. Likirudi nyuma uzi unajisokota chini na kukatika, na mguu usiozoea hulirudisha kila mara. Nilikanyaga bila uzi kwa wiki nzima.

Natamani makumbusho yetu yaweke cherehani moja inayofanya kazi, mtoto aikanyage. Kwa sasa hiyo yangu iko dirishani na imeshapinda doti sita za kanga. Kama kwenu kuna ya bibi uvunguni, kabla hujamwita mtu wa mizani, mwite fundi. Anza na mafuta ya taa, kisha subiri siku nne.