Posho, Kodi na Mgao: Shaba ya Katanga Imemlisha Nani?

Wazee wa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, wakisema Gécamines, kampuni ya shaba, ilikuwa baba na mama, hawatii chumvi. Kampuni ilimpa mtu kazi, nyumba, unga, shule ya watoto na kitanda cha hospitali. Akifa, ilitoa na sanduku. Ukiwauliza serikali yenyewe iliwapa nini miaka hiyo hiyo, wengi watacheka kwanza. Mjadala wa siku hizi, kama serikali iwatoze kodi wenye nacho ili kuwainua wasio nacho, unaingia katika mji ambao kwa zaidi ya nusu karne mgawaji wake hakuwa serikali. Usipolijua hilo, huwezi kuelewa kwa nini neno kodi huku linasikika kama tishio.

Kodi ya kwanza ilistahili sifa hiyo. Union Minière du Haut-Katanga, iliyokuja kuwa Gécamines, iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, ukaanza mwaka 1910. Migodi ilihitaji mikono, na wanavijiji hawakuwa na sababu ya kuacha mashamba yao. Kodi ya kichwa ndiyo iliyowapa sababu: ililipwa kwa franga, na franga zilikuwa migodini. Hakuna aliyeahidiwa zahanati kwa kodi hiyo. Walioandikishwa walikaa miezi michache katika kambi chafu, wengi wakafa kwa nimonia, kuhara na mafua makuu ya 1918, na waliopona wakarudi kwao na habari mbaya.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilipiga hesabu upya. Kumtafuta mfanyakazi mpya mbali, kumsafirisha na kumfundisha kulikuwa ghali kuliko kumtunza yule aliyekwisha kuzoea kazi. Ikaanza mikataba ya miaka mitatu, ikamwambia mwanaume aje na mke wake, ikajenga nyumba za matofali. Zikafuata hospitali za uzazi, shule chini ya wamisionari Wabenedikto, na nyumba ambamo wanawake walifundishwa kushona na kulea watoto kwa namna iliyowapendeza watawala Wabelgiji.

Posho ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini. Unga wa mahindi, karanga, mafuta ya mawese, samaki, nyama na chumvi vilitolewa kwa kipimo, na kipimo kilifuata idadi ya watu nyumbani. Baba wa watoto sita aliondoka na mzigo mkubwa kuliko kijana asiye na mke, ingawa walichimba shimo moja. Huo ni mgao wa kijamii kabisa, na nchi nyingi za Ulaya zilikuwa bado zinabishana kama ziwape wazazi posho ya watoto. Tofauti ni kwamba wa Katanga haukuwa haki. Ulitegemea kadi ya kazi. Aliyefukuzwa alipoteza mshahara, nyumba na shule kwa siku moja, na muuza mboga wa mitaa ya Kenya au Katuba mjini humo hakuwa na fungu lolote. Tena fedha za mgao huo hazikutoka kwa matajiri kwenda kwa maskini. Zilikuwa sehemu ya ujira wa wachimbaji wenyewe, iliyozuiwa na kurudishwa kwao kwa vibaba, huku faida ikivuka bahari kwenda Brussels.

Wachimbaji waliijua hesabu hiyo. Wakati wa vita bei zilipanda, shaba ilitakiwa kwa wingi, na mishahara ikabaki nyuma. Desemba 1941 waligoma, na walichodai kilikuwa nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 wanajeshi waliwafyatulia risasi waliokusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Léonard Mpoyi, aliyewasemea wenzake, alikuwa miongoni mwa waliouawa. Kwa maoni yangu, mtu anayeandika historia ya kampuni hiyo kama hadithi ya ukarimu anapaswa kuanzia uwanjani hapo.

Serikali nayo ilikula shaba kwa njia yake. Ukoloni ulipoelekea kwisha, Katanga ilikuwa inachangia karibu nusu ya mapato ya Kongo nzima. Kutoka hapo ikazaliwa hoja ya chama cha CONAKAT, na kiongozi wake Moïse Tshombe akaibeba hadi kutangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960: kwa nini mali yetu iwalishe wengine? Ni hoja ya kila jimbo tajiri duniani, na si ya kudharau. Lakini hadi kujitenga kulipokwisha Januari 1963, kodi za Union Minière zilikuwa zimelipia jeshi na mamluki zaidi kuliko kijiji chochote cha wachimbaji. Waliokataa kugawana na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, hawakuwa na mpango wa kugawana na Kasenga, huko huko Katanga.

Tarehe 1 Januari 1967 Mobutu aliitaifisha kampuni. Wiki tano baadaye Nyerere alitangaza Azimio la Arusha. Tarehe zinakaribiana, lakini Tanzania, hata pale uchumi ulipoishinda, iliwawekea viongozi wake miiko ya kumiliki mali na kupunguza pengo la mishahara. Zaire, kama Kongo ilivyokuja kuitwa, ilibadilisha mwenye sanduku la fedha tu. Gécamines ikawa ng'ombe wa kukamuliwa na Kinshasa, na bado iliendelea kugawa unga kambini. Mwaka 1986 ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Septemba 1990 mgodi wake wa Kamoto uliporomoka. Mwaka uliofuata mji wa Lubumbashi uliporwa. Kisha Wakasai, watu wenye asili ya Kasai na wengi wao mafundi wa kampuni, wakafukuzwa Katanga. Kufikia 2003 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 20,000, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoshwa kwa fedha za Benki ya Dunia katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi, kwa hiyo hiari hiyo tuipime wenyewe.

Leo nchi inatoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba kwa mwaka, nyingi zikichimbwa na makampuni ya kigeni yasiyotaka kuwa baba wa mtu. Mgao umerudi kwa sheria. Katiba ya 2006 inayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, yakatwe hapo hapo yanapokusanywa, jambo ambalo Kinshasa haijalitekeleza. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Lakini mwaka 2015 Katanga iligawanywa majimbo manne. Haut-Katanga na Lualaba zilibaki na shaba. Haut-Lomami na Tanganyika zikatoka bila migodi hiyo, ingawa vijana wao walichimba tangu siku za Union Minière. Sasa ni Kamina na Kalemie, miji mikuu ya majimbo haya mawili, zinazodai fungu, na ni Lubumbashi na Kolwezi, miji mikuu ya yale yenye shaba, zinazoweza kuuliza, kama Tshombe, kwa nini mali yetu iwalishe wengine. Ibara ya 181 ya Katiba ina jibu: hazina ya kusawazisha majimbo, inayotengewa asilimia 10 ya mapato ya taifa. Wabunge wa Lubumbashi wanaodai asilimia 40 zao kwa sauti kubwa, na wana haki ya kuzidai, wangeaminika zaidi kama wangeidai na hiyo 10 kwa ajili ya Kamina.